Gauni la Tatu la Eda

Lindi Mjini,
Jumapili, tarehe 18 Mei

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimeanza na tarehe kama ulivyonizoesha, na baada ya tarehe naweka ahadi: leo nitakueleza yote, hata yale ambayo mtoto hapaswi kuyasema juu ya wakubwa wake. Ukifika mahali ukaona nimekosa adabu, nisamehe uendelee kusoma, maana ukiacha katikati hutanielewa.

Kwanza hali zenu. Goti la Bibi linaendeleaje baada ya mvua hizi? Baba ameshaanza kukata ufuta, au mnangoja ukauke? Nilisikia mto ulijaa tena, nikawawaza mbuzi wetu na ile njia ya shambani. Mimi ni mzima, ninakula, ninasoma. Katika majaribio ya kidato cha nne nimefanya vizuri Kiswahili na Biolojia. Hisabati bado inanisumbua ila sijaikimbia. Dada yako, Mama Mkubwa, naye mwili wake ni mzima. Tangu tumzike Baba Mkubwa Mfaume amepungua, lakini anaswali, anakula kidogo, na nguo za watu anaendelea kuzifua humu humu uani, kwa sababu kazi hiyo haimtoi nje ya nyumba.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya hapa ni ya Mama Mkubwa, na nikiiomba hukaa karibu asikie salamu zenu. Na wewe huko Njinjo mtandao unaupata pale dukani, mbele ya watu. Haya si maneno ya dukani. Barua hii nampa Kaka Hemedi wa lori la ufuta. Nimeibandika kwa uji wa muhogo. Ukikuta imebanduliwa, nijulishe. Tafadhali usimpe mtu akusomee. Nimeandika herufi kubwa ili uisome mwenyewe hata bila miwani.

Mama, nyumba hii ina harufu.

Wewe unajua kuwa mwenye eda hajipambi wala hajitii manukato. Mama Mkubwa alizigawa chupa zake zote siku ya msiba, mbele ya wanawake wote, hata chetezo cha kufukizia udi akamwazima jirani asikione. Kwa desturi ya ukoo wa Baba Mkubwa, mavazi ya eda huletwa na upande wa mume. Aliyeleta ni Bi Tatu, dada yake marehemu, yule mrefu aliyekaa mlangoni siku ya hitima. Alileta magauni matatu meupe, mikono mirefu, hayana hata uzi mmoja wa urembo. Ukiyatazama kwa mbali ni mapacha watatu. Kuyafua na kuyapiga pasi ni kazi yangu.

Mwanzoni mwa mwezi huu Bi Tatu alikuja Ijumaa baada ya sala, kama kawaida yake. Akainama kumkumbatia Mama Mkubwa, akabaki ameinama.

"Wifi, umepaka nini?"

"Maji ya udhu," Mama Mkubwa akasema.

"Maji ya udhu ya Lindi siku hizi yana miski?"

"Labda umekuja nayo wewe. Wewe ndiye unayetoka nje."

Wakacheka wote wawili, lakini Bi Tatu alicheka kwa mdomo tu. Alipomaliza chai akanifuata jikoni.

"Wewe Mmatumbi, pua unayo au umeiacha Njinjo?"

"Ninayo, Bi Tatu."

"Basi itumie. Ile si harufu ya kike. Mwanamke akijitia utasikia asumini, utasikia udi. Ile ni ya mwanamume anayekwenda msikitini. Nani anaingia humu ukiwa shule?"

"Hakuna."

"Ukiwa shule utajuaje?"

Mama, nilichukua vikombe nikaviosha. Tangu siku hiyo sijatulia. Nikiwa darasani nawaza mlango wa uani. Nikirudi nazitazama kandambili zilizopo kizingitini kabla sijatoa salamu.

Nilianza kwa kumshuku Bi Tatu mwenyewe. Nguo alileta yeye, anayeingia ni yeye, anayenusa ni yeye. Nikasema moyoni, huenda anataka nyumba ya kaka yake, anakuja na kichupa mkobani, anampaka mwenzake anapomkumbatia. Ijumaa iliyofuata niliupokea mkoba wake kwa heshima nikautundika mbali na kamba ya nguo, nikakaa ninamtazama mikono mpaka akaniuliza kama nataka kumsomea kiganja.

Halafu, Mungu anisamehe, nikamshuku Mama Mkubwa. Alipokuwa anaswali alasiri niliinua mto wake. Nikafungua sanduku lake. Nikakuta kanga zake za rangi zimekunjwa vizuri, na kati ya kanga na kanga majani makavu ya mwarobaini ya kufukuza wadudu. Chupa hakuna. Kitambaa cha mwanamume hakuna. Nikafunga sanduku nikaenda kuchambua mchele, na aliposalimia kumaliza sala aliniita, "Somoe, mbona unahema?" Nikasema ni joto.

Juzi Ijumaa Bi Tatu alikuja tena. Safari hii hakucheka. Alimwambia Mama Mkubwa mbele yangu kwamba Ijumaa ijayo atakuja na kaka yao mkubwa kutoka Pande, kijijini kwao, pamoja na kina mama wawili wa ukoo, na watamchukua akamalizie eda huko Pande, kwenye macho ya watu.

"Mwenye eda hatolewi nyumbani kwa mumewe," Mama Mkubwa akasema.

"Na mwenye eda hanukii kama bwana harusi."

"Tatu, una maana gani?"

"Maana utaisema wewe. Nyumba tutaifunga, ufunguo utakaa kwangu. Na huyu mwanafunzi atarudi kwao."

Hapo ndipo jambo hili liliponigusa na mimi, Mama. Mtihani ni Novemba. Kutoka Njinjo siwezi kuja shule hii, na sasa hivi hakuna shule nyingine itakayonipokea. Lakini sitaki ufikiri kwamba nalilia shule tu. Nikiwaza Mama Mkubwa anapandishwa gari kwenda Pande huku mtaa mzima unajua sababu inayosemwa, naliacha daftari nakwenda kukaa karibu naye.

Sasa nikueleze nilivyotafuta.

Unajua Mama Mkubwa ndiye anayeletewa nguo ambazo wengine wanaziogopa. Amenifundisha tangu nilipofika. Husema nguo ni kama mgeni, muulize anakula nini kabla hujampikia. Kanga mpya huoshwa peke yake kwa maji baridi yenye chumvi, la sivyo itagawa rangi yake kwa nguo zote. Kitenge hugeuzwa ndani nje na kuanikwa kivulini. Hariri haikamuliwi, huviringishwa kwenye taulo na kubonyezwa taratibu kama unaamsha mtoto. Sweta ya sufu haitundikwi kambani. Siku moja nilitundika ya mwalimu mmoja, ikaota mikono ya nyani, na Mama Mkubwa akaivaa akatembea nayo uani ili nijionee. Bafta ya pamba haideki: unaichemsha, unaisugua, unaitia bluu, unaianika juani. Lakini poliesta ukiichemsha inakunjamana, na pasi ikiwa kali inayeyuka.

Kwa kuwa nafua mwenyewe, nilianza kunusa kila hatua. Magauni mawili hayanuki kabisa. Linalonuka ni moja, nalo si kila wakati. Likiwa limeloa, hakuna kitu. Likikauka, hakuna kitu. Mama Mkubwa akilivaa na kukaa karibu na jiko, joto likimpata, ndipo harufu inatoka kana kwamba mtu amepita nyuma yake.

Nikafanya kile alichonifundisha yeye mwenyewe kwa nguo isiyojulikana. Nikachomoa uzi mmoja kutoka pindo la kila gauni, nikauchoma kwa kiberiti nyuma ya choo. Nyuzi za magauni mawili ziliwaka kama karatasi, zikaacha jivu jepesi. Uzi wa la tatu ulijikunja, ukatoa moshi mweusi, ukabaki kipunje kigumu kama mbegu ya ufuta. Si bafta. Ni poliesta.

Jana asubuhi nilikwenda kwenye duka la vitambaa la Bwana Gulamu, yule mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa na anayesema Kimwera kuliko mimi ninavyosema Kimatumbi. Nikamuuliza kama ni yeye aliyemuuzia Bi Tatu bafta ya magauni matatu.

"Mawili bafta," akasema. "La tatu alisema mvua nyingi, nguo hazikauki, wifi yangu atavaa mbichi. Nikampa poliesta nyeupe, inakauka upesi. Kwani limepasuka?"

"Halijapasuka."

"Limeungua? Nyinyi watoto wa shule na pasi."

"Halijaungua, Mzee."

"Basi kumbe umekuja kunipeleleza. Nunua hata sindano tupate kuelewana."

Nikatoka hapo nimeinamisha kichwa. Bi Tatu niliyemtazama mikono alikuwa amemwonea huruma wifi yake. Lakini kama hakupaka kitu, harufu imetoka wapi?

Nilirudi nikamkuta Mama Mkubwa kwenye kibaraza cha ndani anashona kifungo cha kanzu ya mtu. Nikampelekea lile gauni.

"Mama Mkubwa, hili ni kitambaa gani?"

Akapitisha kidole gumba kwenye pindo, polepole. Hakunitazama.

"Bafta."

"Yote matatu?"

"Yote matatu. Kalipige pasi, na usitie maji mengi."

Mama, huyo ndiye aliyenifundisha. Huyo, mteja akiwa bado yuko mlangoni, humwambia nguo yake ina pamba kiasi gani. Nilisimama mbele yake kama mtu aliyepigwa kofi, nikaenda kupiga pasi kama nilivyoagizwa.

Tunapigia pasi chumba cha nyuma, juu ya meza iliyotandikwa blanketi la zamani la sufu, la kijivu. Niliwasha mkaa, nikaipitisha pasi kwenye jani la mgomba ilainike. Bafta mbili nilizimaliza, nikazinusa, hazina kitu zaidi ya sabuni. Nikalitandika la tatu. Kabla sijaligusa nililinusa: safi. Nikapitisha pasi ya uvuguvugu, nikalinusa tena. Harufu ilikuwepo.

Nikaliondoa. Nikaiweka pasi juu ya blanketi peke yake, pale katikati penye alama ya kahawia. Ukapanda mvuke, na nilihisi Baba Mkubwa ameingia chumbani. Niligeuka kutazama mlango, Mama, sikudanganyi.

Ndipo nikakumbuka. Baba Mkubwa hakutaka mtu mwingine ampigie pasi kanzu ya Ijumaa. Alisema sisi wanawake wa nyumba hii tunaheshimu nguo za watu kuliko zake. Alikuwa na bakuli lake dogo, maji ya waridi na miski ndani yake, akichovya vidole na kunyunyizia kanzu badala ya maji. "Maji matupu ni ya nguo za kazini," alikuwa akisema. Miaka yote hiyo blanketi limekunywa. Bafta nayo huenda inapata kidogo, lakini naichemsha, harufu inatoka. Poliesta siwezi kuichemsha, na kila nikiipiga pasi inavuta mafuta yale na kuyashika. Joto la mwili likija, inayatoa. Yule mwanamume ambaye Bi Tatu anamnusa ni marehemu kaka yake.

Nilifurahi, Mama, nusura nikimbie kumwita Bi Tatu. Kisha furaha ikakatika, maana niliona mengine. Mama Mkubwa ana magauni matatu, na mimi ndiye ninayemwekea la kuvaa. Siku nyingine huvaa lolote. Ijumaa huniagiza lile. "Nipe lile jepesi," husema. Nilidhani ni joto. Na hajagusa pasi tangu aingie edani, ingawa mikono yake ni mizima na nguo za wateja ananisimamia mpaka mkunjo wa mwisho. Nikipiga pasi mimi, yeye hajapaka kitu. Hajavunja sharti lolote la eda. Nawaza hivi halafu najiona mbaya.

Nikamjaribu mara moja zaidi. Nilisema, "Mama Mkubwa, blanketi la pasi limechakaa, nataka nilifue kesho."

"Hiyo sufu. Ikiingia majini itasinyaa."

"Nitafua kwa maji baridi, nisilikamue, nililaze kwenye mkeka, kama masweta."

Alikuwa na sindano mdomoni. Akaitoa.

"Nani amekwambia lina uchafu?"

"Hakuna."

"Basi liache. Si kila nguo inafuliwa, Somoe."

Akapandisha mkono wa gauni usoni kana kwamba anafuta jasho. Hakuwa na jasho.

Sasa, Mama, niko hivi. Nikinyamaza, Ijumaa watakuja na kumchukua, na mtaa utasema kulikuwa na mwanamume. Nikilifua blanketi kwa siri, harufu itakwisha, lakini Bi Tatu atasema mtu huyo ameonywa akaacha kuja, na Mama Mkubwa nitakuwa nimemnyang'anya. Nikisema kweli, jina lake litasafika kwa upande mmoja na kuchafuka kwa mwingine: wale kina mama wa ukoo watasema fundi wa nguo hakosi kujua, alijua, akakaa eda huku ananukia. Na blanketi watalichukua. Sikuthubutu kumuuliza ustadhi, kwa sababu angetaka kujua ni nani.

Kuna wakati najishuku mimi. Labda yeye hajui kitu, vidole vyake vimezeeka au vina huzuni, na hadithi hii nimeitunga kwa sababu nataka kubaki shule. Kisha namkumbuka alivyosema "bafta" bila kunitazama.

Lakini nina tumaini dogo. Bi Tatu ni mkali, ila aliwaza nguo mbichi ya wifi yake katika mvua. Na yeye pia amefiwa. Watu wanampa pole Mama Mkubwa, yeye wanamuuliza gari la Pande linaondoka lini. Pengine hajamsikia kaka yake tangu siku ile. Sijui mtu kama huyo akikutana na harufu ile uso kwa uso atalia au atazidi kukasirika. Mimi nimesoma vitabu vya shule tu, hilo halimo.

Nisalimie Baba, umwambie zile kandambili zake bado ninazo, nazivaa mvua ikinyesha. Nisalimie Bibi, nambusu goti lake. Msalimie mdogo wangu Juma, mwambie asiguse daftari zangu za kidato cha pili. Msalimie Shangazi wa ng'ambo ya mto na yule jirani anayetuazima kinu. Mama Mkubwa angekutumia salamu kama angejua ninaandika. Kwa kuwa hajui, nakupa kutoka machoni mwake, maana kila nikitaja Njinjo yanalainika.

Kaka Hemedi anarudi huku Alhamisi. Nitamngoja stendi nikitoka shule. Hata kama huna nafasi ya kuandika, mpe neno moja, "ndiyo" au "hapana", nami nitalielewa. Swali nimeliweka chini ya jina langu ili liwe la mwisho kulisoma.

Mimi mwanao anayekuombea asubuhi na jioni,
Somoe

Mama, wewe ulilala naye mkeka mmoja utotoni, unamjua dada yako kuliko sisi sote: Ijumaa Bi Tatu akiniuliza tena ni nani anayeingia humu, nimshike mkono nimpeleke chumba cha nyuma, niweke pasi ya moto juu ya lile blanketi, anuse mwenyewe?